Mtu Wangu Yumo Kilimani

1.

TANGAZO KWA UMMA

Wakazi wote wa Mwandulu mnataarifiwa kwamba, kufuatia upanuzi wa shimo la mgodi upande wa mashariki wa Kilima Ndulu, makaburi yote yaliyomo ndani ya eneo la leseni yatahamishwa kwa heshima zote na kwa gharama za kampuni. Kila mwenye kaburi afike ofisi ya kijiji, ataje jina la marehemu na uhusiano wake naye. Kaburi litakalokosa mwenyewe litahesabiwa kuwa

(Hapo ndipo karatasi inapoishia. Kilichobaki kililiwa na mbuzi wa mwenyekiti.)


2.

Mbuke hakuhitaji kipande kilicholiwa. Alisimama mbele ya ukuta wa ofisi ya kijiji, kapu la michembe kichwani, viazi vyake vikavu alivyokuwa akipeleka gulioni. Alisoma pole pole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akacheka.

Waliokuwa barazani wakageuka. Mjane hacheki mbele ya tangazo la makaburi.

“Watanihamishia kaburi,” aliwaambia. “Sawa. Na ambaye hayumo kaburini, nani atamhamisha?”

Mwenyekiti Shigela alijifanya kumfukuza mbuzi.


3.

Wewe unayesoma, heri uambiwe mapema, maana Mwandulu nzima inajua: kaburi la Jilala halina Jilala.

Jilala alikuwa mchimbaji mdogo, enzi zile Kilima Ndulu kilipokuwa cha kila mwenye sururu na pumzi. Duara lake, ndivyo wanavyoyaita mashimo yale ya dhahabu, lilishuka wima kama kisima, kisha likakunja kuelekea mashariki kufuata mawe yenye mali. Siku ile, masika yakiwa yamekolea, alishuka na wenzake wawili. Wenzake wakatangulia kutoka, wakanywe uji. Yeye akasema nendeni, namalizia hapa.

Ardhi ikakohoa.

Kijiji kizima kilichimba. Kwa majembe, kwa masufuria, kwa kucha. Na chini kabisa ikasikika sauti, chuma juu ya jiwe:

ko.

ko.

ko.

Mbuke alikuwa na mimba kubwa. Alilala ubavu kwenye matope, sikio ardhini, akaokota jiwe akawa anamjibu. Ko. Nipo. Ko. Nipo hapa.

Kisha kifusi kikaporomoka mara ya pili, nusura kiwafukie waliokuwa wakichimba. Wazee wakasema basi, tusizike wengine. Kugonga kumekoma, wakasema, na wote wakakubaliana kwamba kumekoma.

Mbuke hakuulizwa.

Mama mkwe wake akakata shina la mgomba, urefu wa mwanawe. Wakalivika sanda, wakaliombea, wakalilaza kaburini kama mtu. Kwa sababu asiyezikwa hutangatanga, alisema yule bibi, na waliobaki hutangatanga naye.

Mvua hazikuisha kabla mtoto hajazaliwa. Akaitwa Wande.


4.

Kwenye mashine ya kusaga nafaka. Wanawake watatu wako kwenye foleni, na hakuna anayejali nani anasikia.

— Kule Mwandulu Mpya wanakotuhamishia tutapewa nyumba za bati la rangi.

— Na maji?

— Ya bomba. Wamesema.

— Wamesema. Na chemchemi ya Ndulu walisema haitaguswa. Tangu waanze kulipua, hata kunguru hapati pa kulowesha mdomo.

— Mbuke yeye anataka nini hasa?

— Anataka mume.

— Nani hataki mume?

(Wanacheka. Mashine inawazidi sauti. Mmoja wao anaacha kucheka kabla ya wenzake.)


5.

Lori analoendesha Wande lina gurudumu refu kuliko mlango wa nyumba aliyozaliwa. Huliparamia kwa ngazi. Kampuni ilipoahidi ajira kwa vijana wa vijiji jirani, alikwenda akafanya majaribio, akashinda wavulana. Picha yake imo kwenye kalenda ya mgodi: helmeti nyeupe, meno yote nje. Kazi yake ni kubeba mwamba uliolipuliwa kutoka shimoni hadi kwenye karasha, mashine ya kuvunjia mawe, kisha kurudi kubeba mwingine.

Jioni ile alimkuta mama yake akipika. Akaketi kwenye kigoda bila kuvua sare.

“Mayu,” alisema, maana ndivyo watoto wa huku wanavyowaita mama zao, “kesho wanafukua. Nimeomba ruhusa nije nisimame na wewe.”

“Njoo. Uusalimie mgomba.”

“Mayu, usinifanyie hivyo.”

“Nimekufanyia nini? Wewe si ndiye unayepita mgongoni mwa baba yako kila siku na gari lako?”

Ugali ulikuwa tayari, uliletwa, ukapoa. Mama akachukua tonge akalirudisha.

“Hiyo kazi ndiyo iliyoezeka hapa,” Wande alisema mwishowe, akiangalia juu kwenye bati.

“Najua, mwanangu. Sijasema uiache.”

“Sasa unataka nifanye nini?”

Mbuke alifikiri sana. Tangu afiwe alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote.

“Sijui,” alisema. “Nataka wamtafute.”


6.

Walijenga hema la turubai la buluu juu ya kaburi, ili jua lisimwone marehemu. Wafukuaji walivaa glovu. Katekista alisoma sala. Bi. Kokushubila, afisa mahusiano wa mgodi, alisimama karibu na Mbuke. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye sauti ya chini, na viatu vyake vilikuwa na vumbi kuliko vya wakubwa wake wote.

“Bibie, nilikwambia tangu mwanzo,” Mbuke alimnong’oneza. “Humo hamna mtu.”

“Uliniambia, mama. Na mimi niliwaambia. Wakasema utaratibu lazima ufuatwe.”

Koleo likashuka, likapanda. Wafukuaji wakafika kwenye udongo laini zaidi. Mmoja akachuchumaa, akapapasa kwa mikono, akainua kipande cha nguo kilichooza, na nyuzi nyuzi zilizokauka kama kamba kuukuu.

Akamtazama mwenzake.

Wande alimshika mama yake kiwiko. Mbuke alikuwa amesimama imara.


7.

TAARIFA YA UFUKUAJI

Jina lililotajwa: Jilala, mume wa mdai.
Mabaki ya binadamu: Hayapo.
Vilivyopatikana: Kitambaa. Nyuzi za mmea.
Hitimisho: Si kaburi.
Hatua: Shimo lifukiwe. Mdai akumbushwe kwamba kudai kaburi lisilo la kweli ni kosa, na kwamba kampuni haitasita


8.

Si kaburi.

Mbuke aliyarudia maneno hayo njia nzima, taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Si kaburi. Kumbe miaka yote hii alikuwa akifagia wapi?


9.

Mkutano wa hadhara, uwanja wa shule. Meneja wa mgodi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akapewa soda. Mwenyekiti Shigela alifungua kikao kwa kuwaomba wananchi wawe na lugha nzuri.

Mbuke alisimama. Mikono alikuwa ameifumbata chini ya kitenge.

“Mimi sina lugha mbaya,” alisema. “Nina swali. Mmefukua kaburi hamkumkuta. Mmeandika nimesema uongo. Sijasema uongo. Mtu wangu yumo kilimani, upande wa mashariki, huko mnakotaka kulipua. Naomba mmtoe kwanza.”

Minong’ono. Meneja aliinama kwa Bi. Kokushubila, kisha akasimama.

“Mama, pole sana. Sote tumeguswa. Lakini ajali hiyo ilitokea kabla kampuni haijafika hapa.”

“Nakubali. Hamkumuua ninyi.”

“Asante kwa kuelewa.”

“Kilima mlipopewa, mlipewa na vilivyomo?”

“Tulipewa haki ya madini yaliyomo. Ndiyo.”

“Na mume wangu ni madini?”

Meneja aligeuza chupa ya soda mkononi.

Mzee mmoja nyuma akasema, “Jibu, bwana.” Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kujua.

Meneja aliweka soda chini. Alisema jambo hilo ni zito, kwamba watalifanyia kazi, kwamba mgodi ni jirani mwema. Shigela akaanza kupiga makofi, akajikuta anapiga peke yake.


10.

Kwako Mama Mbuke,

Tumepokea maombi yako na kuyatafakari kwa uzito unaostahili. Tunasikitika kukujulisha kwamba kampuni haiwajibiki kwa matukio yaliyotangulia leseni yake. Kusimamisha shughuli ili kutafuta mabaki ambayo kuwapo kwake hakujathibitishwa kutaathiri uzalishaji, na kwa hiyo ajira za vijana wenu wenyewe. Ratiba itabaki kama ilivyo. Tunaendelea kuthamini uhusiano wetu na jamii na


11.

ILANI YA ULIPUAJI

Alhamisi, mchana. Shimo la mashariki.
Fungeni mifugo.
Fungueni madirisha ili vioo visipasuke.
Watoto wasiegemee kuta.
Mtasikia king’ora. Msiogope.


12.

Redioni, mgodini, siku hiyo ya Alhamisi. Msimamizi wa shimo anaongea na dereva Wande.

— Wande, mbona umesimama hapo katikati ya njia?

— Nimesimama.

— Gari lina hitilafu?

— Halina.

— Basi shuka chini, toka eneo hilo. Linasafishwa, wanataka kulipua.

— Najua.

— Wande, tusichezeane. Hawawezi kulipua kukiwa na mtu shimoni.

— Ndiyo maana nakwambia. Kuna mtu shimoni.

— Nani? Nani kaingia?

— Aliingia kabla mimi sijazaliwa.

(Mkwaruzo wa redio. Halafu sauti nyingine, ya dereva wa lori la nyuma: — Na mimi nazima. Na nyingine: — Nazima hapa.)


13.

Mbuke alikuwa ameshafungua madirisha. Mbuzi alikuwa amefungwa. Aliketi uani na kitenge kichwani, akingoja ardhi itikisike, na ardhi haikutikisika.

King’ora hakikulia.

Badala yake akaja Bi. Kokushubila kwa miguu, gari ameliacha barabarani.

“Hodi, mama.”

“Karibu. Amekufa?”

“Nani?”

“Wande.”

“Hapana! Hapana, mama. Yuko mzima. Amesimamishwa kazi. Wamemnyang’anya kitambulisho.” Akaketi chini, bila kungoja mkeka. “Amezuia ulipuaji. Yeye na wenzake. Wakubwa wamegombana saa nzima… wameamua wataweka mtambo wa kijiko uchimbe maduara ya zamani, pole pole, bila baruti. Kwa muda mfupi. Wakikosa, wanaendelea.”

Mbuke alimtazama yule mwanamke wa ofisini, aliyekuwa akijifuta jasho kwa kiganja.

“Na wewe? Watakufanya nini?”

“Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa kwamba una haki,” alisema Bi. Kokushubila. “Tutaona.”

Mbuke akamletea maji.


14.

Sauti ya Teofili, mwendesha kijiko, mtambo ule wa kuchimbia. Amekuja nyumbani kwa Mbuke kusema mwenyewe, kofia mkononi:

Shikamoo mama. Mimi ni Teofili, ndiye niliyechimba. Nilisema nisikuletee kwa karatasi.

Nilienda taratibu, mama, kama mtu anayetoa mwiba. Mara nikaona matimba, zile nguzo za miti walizokuwa wakishikizia dari, bado zimesimama. Nikazima mtambo. Tukaingia kwa mikono. Kuna kijia kinakwenda mashariki, mtu anapita kwa magoti. Tukakuta nyundo hii. Na tindo hii, ona ncha yake ilivyopinda, alikuwa akigonga nayo kwenye jiwe gumu. Gonga, gonga, ukuta mzima una alama.

Kifusi hakikumpata pale, mama. Alipona kile kifusi. Alikuwa na nafasi, alikuwa akitembea humo. Alama zinaanzia huku, zinaendelea, zinaendelea.

Nikazifuata.

Halafu kijia kikaisha. Si kwamba kiliziba. Kiliisha tu. Nikatoa kichwa, nikaona jua, nikaona shimo la mgodi lote chini yangu. Upande wa pili wa kile kijia ulishakatwa, mama. Ulishalipuliwa siku nyingi. Ulishabebwa.

Nisamehe. Sikumkuta. Nilichokikuta mbele ya alama zake ni

hewa.


15.

Teofili alipoondoka, Mbuke alikaa na tindo mapajani. Wande alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

“Ile sehemu iliyokatwa,” Mbuke aliuliza, “waliichimba lini?”

“Kiangazi kilichopita.”

“Nani aliibeba?”

“Madereva wote, mayu. Zamu kwa zamu.”

“Na wewe?”

Wande alishikilia fremu ya mlango.

“Na mimi,” alisema. “Kiangazi chote. Na nilikuwa naimba, mayu. Nikiwa peke yangu kwenye lile gari huwa naimba.”

Akaanguka pale kizingitini, akalia kama walivyolia watu wazima siku ile ya kifusi, kilio cha kutoka tumboni. Mbuke hakumnyamazisha. Aliweka tindo pembeni. Akaingia ndani, akatoka na beseni la maji, akachuchumaa mbele ya mwanawe. Akaichukua mikono yake mmoja mmoja, akainawisha, kidole kwa kidole, kama wanavyonawa watu wakirudi kutoka kuzika.

“Basi ni wewe uliyembeba,” alisema. “Na alisindikizwa kwa wimbo.”


16.

Jiwe likitoka kilimani huenda kwenye karasha, likavunjwa. Kutoka karasha huenda kinuni, likawa unga. Unga hutiwa maji na dawa kali mpaka dhahabu iachane nao. Dhahabu hupanda ndege.

Kinachobaki ni tope la kijivu. Tope huenda kwa bomba mpaka bwawani, nyuma ya kilima, kwenye bonde ambalo zamani lilikuwa la mpunga.

Kwenye uzio kuna kibao:

HATARI. USIINGIE.
MAJI HAYA SI YA KUNYWA, KUOGA WALA KUNYWESHA MIFUGO.


17.

Ilikuwa asubuhi yenye upepo Bi. Kokushubila alipowapeleka. Alikuwa amepewa barua yake mwenyewe, ya kuhamishwa kituo, lakini hakuitaja mpaka walipofika.

Bwawa lilikuwa pana kuliko Mbuke alivyodhani. Halikuwa na mafunjo wala ndege, na upepo ulipopita juu yake uso haukukunjamana, ulikuwa mzito mno. Upande wa chini, ukuta wa udongo ulilizuia lisimwagikie vijijini.

Walisimama watatu nje ya waya. Mlinzi aliwaangalia kidogo, akageukia upande mwingine.

“Yumo humu?” Mbuke aliuliza.

“Hatuwezi kujua, mama,” alisema Bi. Kokushubila. “Ama humu, ama kwenye lundo la mawe matupu. Lakini mawe ya upande ule yalikuwa na mali. Nadhani… humu.”

“Mgodi ukiisha, mtaondoka.”

“Siku moja, ndiyo.”

“Na hili tope mtaondoka nalo?”

“Hapana. Litabaki.”

“Huo ukuta nani ataulinda usipasuke? Kwenye masika? Wajukuu wangu watalala pale chini.” Alionyesha kwa mkono bati mpya za Mwandulu Mpya, zikimeta upande wa bondeni. “Nani?”

“Sheria inaitaka kampuni iweke mpango wa kufunga mgodi,” Bi. Kokushubila alianza, kwa sauti yake ile ya ofisini. “Kuta zitakaguliwa, maji yatapimwa, kwa kipindi cha baada ya kufunga, mpaka itakapothibitika kwamba”

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, asiivae tena.

“Kaburi lisilo la kweli lina adhabu,” Mbuke alisema. “Mmeniandikia. Na la kweli, lina mwenyewe. Mimi ndiye mwenyewe wa hili. Andika hivyo. Kabla hujaondoka, andika kwamba hapa kuna mtu, jina lake Jilala, na kwamba watakapotaka kuliacha bwawa hili waje kwanza waniambie mimi. Kama sipo, wamwambie huyu.”

“Nitaandika, mama. Sijui kama watasoma.”

“Wewe andika.”

Bi. Kokushubila alirudi garini. Walimwona amefungua mlango, amekaa kiti cha pembeni, ameinama juu ya mapaja yake.

Mbuke alikamata waya kwa mikono miwili.

“Sijui niseme nini,” alisema. “Nilikuwa na maneno mengi. Nilipomzika mgomba niliyaweka, nikasema nitamwambia atakapopatikana.” Akatikisa kichwa. “Umri wote huu. Mwite wewe.”

“Nimwite, mayu?”

“Ndiyo. Hajawahi kuisikia sauti yako akajua ni yako.”

“Nitamwitaje?”

“Mtoto humwitaje baba yake?”

Wande alisogea mpaka waya ukagusa kifua chake. Alikuwa na umri wa mama yake siku ile ya masika, au zaidi. Alivuta pumzi, hewa ikiwa na harufu ya chuma na dawa. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa dogo, la mtoto wa kutambaa, na hakuwahi kulitamka kumwita mtu yeyote duniani.

“Ba”